Kompyuta Imefika Ofisini, Afya ya Anayeitumia Je?



Tangu Ikungi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, kazi za ofisini zimeongezeka sana katika eneo letu, na kazi hizo sasa zinafanyika kwa kompyuta. Halmashauri ina maafisa wa TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Zahanati na vituo vya afya vinaingiza takwimu za wagonjwa kwenye mifumo ya serikali. Vyama vya akiba na mikopo vinatunza hesabu kwa kompyuta. Kwenye maduka ya steshenari vijana wanachapa barua, wanatoa fotokopi na kuwajazia wanafunzi fomu za maombi ya vyuo na mikopo. Ofisi za sharika na miradi nazo zina karani au mhasibu anayeandaa ripoti na kutuma barua pepe. Wote hawa ni wafanyakazi wa TEHAMA, hata kama cheo chao kinasema karani, mhasibu au katibu muhtasi.

Katika makala haya tunapenda kueleza jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika wakati wa kuandika bajeti. Kompyuta peke yake haijakamilika kuwa kitendea kazi. Mkulima wa Singida hawezi kununua plau akaacha kununua nira na mnyororo, kwa maana anajua plau hiyo haitalima, au ikilima itamuumiza ng'ombe. Vivyo hivyo kiti, meza, mwanga na muda wa kupumzika ni sehemu ya gharama ya kompyuta. Mradi usipolipa gharama hiyo, inalipwa na macho, shingo na mgongo wa anayeitumia.

Si tatizo jipya

Wapo wanaofikiri kwamba maumivu ya watu wa ofisini ni uvivu au mambo ya mjini, kwa sababu mtu aliyekaa kivulini hawezi kuchoka kama aliyeshika jembe. Historia inaonyesha vingine. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa mwaka 1700 kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na katika toleo lililoongezwa la mwaka 1713 aliandika juu ya makarani na waandishi. Alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa muda mrefu, kurudia mwendo uleule wa mkono, na akili kukazwa wakati wote ili wasikosee. Wakati huo hapakuwa na umeme wala kompyuta, lakini mambo hayo matatu ndiyo tunayoyaona leo.

Katika miaka ya 1980 huko Australia, wachapaji na wafanyakazi wa simu walianza kulalamika kwa wingi kuhusu maumivu ya mikono na mabega. Madaktari walibishana sana juu ya chanzo chake, lakini waajiri walilazimika kuangalia upya meza, viti na mwendo wa kazi. Mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya ilitoa maagizo maalum kuhusu kazi za mbele ya kioo cha kompyuta, yanayomtaka mwajiri kukagua sehemu ya kazi, kupanga mapumziko na kumwezesha mfanyakazi kupimwa macho. Baadhi ya wafadhili wetu wanafanya kazi chini ya kanuni za aina hiyo huko kwao. Karani wa Ikungi ana mwili uleule.

Macho

Mtu anapoongea na mwenzake hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Kila anapopepesa, machozi husambaa na kulilowesha jicho. Anapokazia kioo cha kompyuta, kupepesa hupungua sana, pengine chini ya nusu. Jicho hukauka, huwasha na huwa jekundu. Katika Ikungi, ambako kiangazi kina upepo na vumbi jingi, ukavu huu huzidi. Aidha, misuli midogo ndani ya jicho hujikaza muda wote ili kuona kitu cha karibu, na ndiyo sababu jioni mtu huona ukungu au kuumwa kichwa.

Watu wengi wanaamini kwamba mionzi ya kompyuta inapofusha. Hakuna ushahidi wa kitaalamu kwamba kioo cha kompyuta kinaharibu jicho namna hiyo. Tatizo ni uchovu na ukavu, na yote mawili yanapungua kwa kupumzika. Wengine hunywa maziwa wakiamini kuwa yanaondoa madhara ya wino na vumbi la mashine ya fotokopi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayana kazi hiyo. Dawa ya vumbi ni kufungua madirisha na kuiweka mashine mahali penye hewa.

Jambo jingine ni umri. Kuanzia miaka 40 hivi, uwezo wa jicho kuona karibu hupungua kwa kila mtu. Mhasibu aliyeanza kusogeza karatasi mbali ili aisome anahitaji miwani ya kusomea. Asipoipata, atainama kuelekea kwenye kioo siku nzima, na maumivu yataanzia machoni na kuishia shingoni. Kupima macho kwa wakati ni nafuu kuliko kutibu shingo.

Shingo, mabega na mgongo

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kikikaa wima juu ya uti wa mgongo, mzigo huo unabebeka. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikadiria kwa hesabu kwamba shingo iliyoinama nyuzi 60 inabeba mzigo wa takriban kilo 27. Hiyo ni kama ndoo kubwa ya maji na nyongeza, nayo haitui.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya jembe na kibodi. Anayelima hujikunja na kujinyoosha. Misuli hujikaza na kulegea, na damu hupita. Anayechapa hukaza misuli ileile bila kuilegeza kwa saa nyingi. Misuli iliyokazwa hubana mishipa ya damu, hukosa hewa ya kutosha, nayo huanza kuuma. Haba na haba hujaza kibaba: siku moja haidhuru, miaka mitano inadhuru.

Katika ofisi nyingi za vijijini kompyuta imewekwa juu ya meza ya kawaida ya seremala yenye kimo cha sentimita 75 hivi, na karani amekalia kiti cha plastiki au benchi. Kiti kikiwa kifupi, mabega hupanda juu ili mikono ifike kwenye kibodi. Benchi halina egemeo, hivyo mgongo hujikunja. Kompyuta mpakato ina tatizo la ziada, kwani kioo na kibodi vimeunganishwa. Ukiishusha ili mikono itulie, shingo inainama. Ukiipandisha ili shingo inyooke, mikono inaning'inia. Wafadhili wengi hupendelea kutoa kompyuta mpakato kwa sababu inabebeka na ina betri umeme unapokatika. Sababu hizo ni za msingi, ila kompyuta hiyo iandamane na kibodi ya pembeni na kitu cha kuinyanyua.

Mikono na vidole

Vidole vinaendeshwa na kano ndefu zinazotoka kwenye misuli iliyo chini ya kiwiko na kupita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Kazi ya kurudia bila kupumzika huzichosha na kuzivimbisha kano hizo. Katika njia hiyohiyo unapita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ukibanwa, mtu hupata ganzi na kuchomwachomwa kwenye vidole hivyo, hasa usiku, na baadaye hushindwa kushika kikombe vizuri. Ganzi ya namna hii ina vyanzo vingine pia, kama kisukari, ujauzito na kazi nzito za mikono. Kwa hiyo asiyepata nafuu baada ya kupumzika aende kituo cha afya, asijitibu kwa dawa za maumivu za dukani miezi mingi.

Zipo dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa: maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu, kushindwa kuzuia haja, na kuona kunakobadilika ghafla.

Saa nyingi kazini

Ripoti ya robo mwaka ambayo mfadhili anaisoma imechapwa na mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mmoja tu, na siku za mwisho kabla ya tarehe ya kuwasilisha hukaa ofisini hadi usiku, hasa kama mchana umeme ulikatika au mtandao ulikuwa chini.

Mwezi Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa nyingi kulisababisha vifo 745,000 vya kiharusi na magonjwa ya moyo mwaka 2016. Wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki walionekana kuwa na hatari ya kiharusi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Takwimu hizo zinahusu kazi za kila aina, lakini mtu wa kompyuta ana mzigo wa pili, kwani saa hizo zote amekaa. Hata ng'ombe wa plau, jua likipanda, hufunguliwa nira.

Akili nayo huumia

Hadi hapa tumezungumzia mwili. Ipo kazi ya kompyuta inayoumiza zaidi akili, na inatuhusu kwa sababu vijana wetu wanaomaliza vyuo wanaitafuta, na kwa sababu Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazohitajika humo. Ni kazi ya kuchuja picha, video na maandishi yanayowekwa kwenye mitandao ya kijamii, ili mauaji, ubakaji na ukatili dhidi ya watoto visiwafikie watu wengine. Mchujaji huviangalia yeye, siku nzima, ili sisi tusivione.

Kuanzia mwaka 2019 kazi hiyo ilifanyika Nairobi kwa ajili ya Facebook kupitia kampuni iitwayo Sama, ikihudumia lugha mbalimbali za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mwezi Februari 2022 gazeti la TIME la Marekani lilichapisha habari za mishahara midogo na mateso ya akili ya wachujaji hao. Mwezi Mei mwaka huo mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, na mwezi Machi ikafunguliwa kesi nyingine, ambayo ilikuja kuhusisha wachujaji zaidi ya 180. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa katika nchi hiyo.

Desemba 2024 ilifahamika kwamba Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima wachujaji waliofungua kesi na kukuta zaidi ya 140 wana maradhi ya kiwewe, yaani hali inayompata mtu aliyeona mambo ya kutisha, kama wanavyopata watu waliotoka vitani. Mtu huyo huota ndoto mbaya, hushtuka ovyo, hujitenga na jamaa zake, na wengine huingia katika ulevi. Meta imesema mara kwa mara kwamba inawataka wakandarasi wake watoe ushauri nasaha na malipo mazuri. Wachujaji wamesema kwamba msaada walioupata haukutosha. Huko Marekani, mwezi Mei 2020, Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wachujaji wa nchini humo, bila kukiri kosa.

Kwa nini mambo ya Nairobi yaandikwe katika jarida la Ikungi? Kwanza, kijana akiaga anakwenda kwenye kazi ya kompyuta, wazazi na wazee wa kanisa hufurahi kwamba amepata kazi safi. Ni vema wajue maswali ya kumwuliza: unaangalia nini, kwa saa ngapi, nani anakusikiliza, na mkataba unakuruhusu kusema nyumbani kinachokusumbua? Pili, hata hapa kwetu wako watu wanaopokea habari nzito kupitia kompyuta. Karani anayeingiza taarifa za ukatili wa kijinsia au za vifo vya watoto anazisoma zote. Naye ahitaji mtu wa kuzungumza naye, bila kutaja majina ya wahusika.

Sheria inasemaje

Tanzania ina sheria zinazomlinda mfanyakazi, na ofisi za sharika na miradi zenye waajiriwa hazina budi kuzifahamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na mapumziko yasiyopungua dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Watu wengi hudhani OSHA ni ya viwanda na migodi tu, lakini ofisi nayo ni mahali pa kazi.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri walianza kuuchangia mwaka 2015. Mchango hutolewa na mwajiri wala haukatwi kwenye mshahara. Mfuko huu hauhusu ajali pekee, bali pia magonjwa yanayotokana na kazi. Kwa hiyo karani anayepata tatizo amweleze mwajiri mapema, na maelezo hayo yaandikwe. Ugonjwa ambao haukuandikwa popote ni vigumu kuthibitishwa baadaye.

Nini kifanyike

Mengi hayahitaji fedha. Kamati inaweza kuanza na haya:

1. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwa karani, lisiwe mbele yake wala nyuma yake. Mng'ao wa kioo utapungua siku hiyohiyo.

2. Weka kioo umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Kompyuta mpakato ipandishwe juu ya boksi imara au vitabu, na itumike pamoja na kibodi na mausi za pembeni.

3. Kila baada ya dakika 20, angalia kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi, kama mti nje ya dirisha, kwa sekunde 20. Pepesa macho kwa makusudi.

4. Simama na kutembea dakika 5 hadi 10 kila baada ya saa moja. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara yanasaidia kuliko moja refu. Mwenyekiti akimkuta karani amesimama nje, asidhani amekimbia kazi.

5. Gawa kazi. Kupeleka barua, kupanga mafaili na kupokea wageni kuchanganywe na kuchapa.

Yanayohitaji fedha si makubwa. Seremala wa hapahapa anaweza kutengeneza meza yenye kimo kinacholingana na viwiko vya anayeitumia anapokaa, na kiti chenye egemeo la mgongo, ili nyayo zikanyage sakafu zote. Mtu mfupi awekewe kibao cha kukanyagia. Muhimu ni kumpima mtumiaji kwanza, kama fundi cherehani anavyopima kabla ya kukata kitambaa.

Kwa wafadhili wetu tunaleta ombi mahususi. Mnapopokea andiko lenye mstari wa kompyuta, tafuteni mistari mingine chini yake: meza, kiti, kibodi ya pembeni, taa, na upimaji wa macho. Isipokuwepo, ulizeni, na msiihesabu kuwa ni anasa. Vilevile, mnapopanga tarehe za ripoti, kumbukeni kwamba ripoti tatu za mifumo mitatu tofauti mara nyingi huandikwa na mikono miwili ileile.

Maswali kwa kikao kijacho

Tunapendekeza kila kamati ya usharika iweke ajenda hii katika kikao chake kijacho na kujibu maswali yafuatayo. Nani kati ya watu wetu anatumia kompyuta zaidi ya saa 4 kwa siku? Amekalia nini? Mara ya mwisho alipimwa macho lini? Je, mkataba wake unataja saa za kazi, na ofisi yetu inachangia WCF? Ana maumivu ambayo hajayasema kwa kuogopa kuonekana mvivu?

Swali la mwisho aulizwe mwenyewe, kwa faragha, na majibu yake yaandikwe katika muhtasari bila jina. Kikao kikimaliza, wajumbe wawili waende ofisini wakakalie kiti chake kwa nusu saa kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka ujao.